Tiki za Marehemu

Fomu ilikuwa na maswali ishirini na saba, na Raheli Eliufoo alikuwa amejibu ishirini na tano kabla ya kutambua kwamba hajaamua kama ataituma.

Chuo chenyewe kilikuwa Marekani. Kijijini kwao, mlimani juu ya Maore, yaliyojulikana kuhusu chuo hicho yalikuwa machache, na yote yalitoka kwa Mwalimu Fredrick, aliyemfundisha Raheli fizikia kwa miaka miwili huko Same mjini. Kati ya kila waombaji mia, kilichukua wanne. Hao wanne, kama kwao hakuna uwezo, walisomeshwa bure mpaka mwisho. Maombi hufungwa tarehe mosi Novemba na majibu hutoka katikati ya Desemba.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Mwalimu hakulitaja. Raheli alilikuta mwenyewe chini kabisa ya maelezo ya fomu: mtu aliyekwisha kuanza shahada katika chuo kingine haruhusiwi kuomba kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Na yeye alikuwa tayari amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alitakiwa kuripoti Jumatatu ya mwisho ya Oktoba. Akiripoti, hawezi tena kuomba Marekani. Asiporipoti, nafasi ya Dar inapotea, na mwakani ataomba upya pamoja na wengine bila mtu yeyote kumwahidi kitu.

Baba yake, Eliufoo, hakuona kitu cha kufikiria hapo.

"Wapange watu mia kuanzia hapa mpaka kanisani," alisema. "Wanne ni wale waliofika mlangoni. Wewe uko wapi kwenye huo mstari?"

"Sijui, baba. Ndicho ninachotaka kukijua."

"Dar uko ndani umekaa kwenye benchi, na bado unauliza habari za mstari."

Mwalimu Fredrick, kwenye simu, alikuwa na hesabu nyingine. "Hiyo nne kwa mia ni ya wote kwa jumla, pamoja na waliojaza fomu kwa kujifurahisha. Wewe si wote. Wewe una theluthi."

Theluthi ilikuwa hii. Kijiji kile humwagilia mashamba yake kwa ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo lililojengwa mlimani, ambalo hujaa maji ya kijito usiku kucha na kufunguliwa asubuhi. Kila kaya ina zamu yake mara moja kwa wiki: zamu ya kwanza huanza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, ya pili saa tatu hadi saa sita. Mashamba yaliyo mkiani mwa mfereji yalikuwa yakilalamika tangu Raheli azaliwe. Aliporudi nyumbani mwishoni mwa Mei, baada ya mtihani wa Kidato cha Sita, alitumia Alhamisi nne za Juni kupima maji yanayofika katika shamba la mwisho kabisa, la Bibi Ruthi, kwa ndoo ya lita ishirini na saa ya simu. Ndoo ilijaa kwa sekunde ishirini na nane.

Kisha akapanga upya jedwali la zamu. Wazo lake lilikuwa jepesi: mfereji mkavu hunywa maji mengi kabla haujayapitisha, kwa hiyo mashamba yaliyo kwenye tawi moja yafuatane siku moja, ili wa pili aukute mfereji umelowa. Bibi Ruthi aliwekwa Alhamisi saa tatu, mara tu baada ya jirani yake wa juu, Mzee Tumainieli. Kamati ya ndiva ilikubali, watu wakatoa siku moja ya msaragambo, kazi yao ya pamoja, kujenga kisanduku cha mawe cha kugawia maji, na jedwali jipya likaanza kutumika Julai. Alipima Alhamisi sita. Ndoo sasa ilijaa kwa sekunde ishirini na moja. Kutoka ishirini na nane hadi ishirini na moja, maji yameongezeka kwa theluthi moja kamili.

Mwalimu Fredrick aliposikia habari hiyo alisimama katikati ya ofisi ya walimu na kupiga makofi. Insha ya Raheli ilikuwa juu ya theluthi hiyo. Barua ya Mwalimu ya kumpendekeza ilikuwa juu ya theluthi hiyo.

Basi Raheli alijiwekea kanuni. Angerudi kupima kwa Alhamisi tatu za Oktoba. Theluthi ikisimama, yeye si mmoja wa wale mia wa kawaida, na ataomba. Isiposimama, ataripoti Dar na hataliongelea tena jambo hilo. Aliiandika kanuni hiyo nyuma ya daftari lake na kuweka tarehe, ili baadaye asijidanganye kwamba alisema vingine.

*

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, injinia. Umerudi na saa yako? Maji hayajakimbia, yapo."

Bibi Ruthi alikuwa ameinama kwenye matuta ya tangawizi, gauni limefungwa magotini. Raheli aliweka ndoo chini ya bomba fupi lililoingiza maji ya mfereji shambani, akabonyeza saa. Ishirini na saba. Akamwaga, akarudia. Ishirini na sita. Alijaza ndoo kumi, na wastani ulikuwa sekunde ishirini na sita na nusu.

Hakuamini, lakini hakukasirika pia. Alianza kukagua. Ndoo ilikuwa ile ile, yenye ufa uliozibwa kwa lami karibu na mshikio. Aliingiza mkono ndani ya bomba mpaka kwenye kiwiko. Halikuwa na majani wala tope. Alikagua saa ya simu kwa kuilinganisha na saa ya ukutani ya zahanati. Alhamisi iliyofuata alipanda hadi kwenye ndiva alfajiri, mwendo wa saa nzima, kuona kama kijito kimepungua kwa kiangazi na ndiva haijai tena. Ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, kama ilivyokuwa Juni. Akashuka mbio, akapima. Ishirini na sita na nusu. Alhamisi ya tatu, ishirini na sita na nusu.

"Bibi, hakuna mtu anayechepusha maji huko juu?"

"Achepushe nani? Prosper wa hapo juu? Prosper akichepusha nitamsikia mke wake anavyocheka."

"Basi sielewi. Julai yalikuwa mengi kuliko haya."

"Yalikuwa mengi, ndiyo." Bibi Ruthi alijinyoosha na kuweka mkono kiunoni. "Maji mazuri yalikuwa ya wakati wa Tumainieli."

"Bibi, Mzee Tumainieli alifariki mwishoni mwa Juni. Tulikwenda wote kumzika."

"Si ndiyo nasema? Alipofariki. Siku arobaini nzima nilimwagilia kama mwenye mto wake. Walipomaliza arobaini wakakaa kikao cha ukoo, Prosper akapewa zamu ya baba yake, maji yakarudi yalivyokuwa. Yamezidi kidogo, sikatai. Nisije nikaonekana sina shukrani."

Raheli aliiweka ndoo chini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe uliniuliza ndoo iko wapi."

*

Daftari la zamu la ndiva lilikuwa kaunta buku lenye jalada jekundu, nalo lilikaa kwa Eliufoo, kwa kuwa yeye ndiye katibu wa kamati. Raheli alimkuta barazani baada ya chakula cha mchana akilikagua kwa ajili ya msaragambo wa Jumamosi. Aliomba kuona Julai na Agosti.

Jina la Mzee Tumainieli lilikuwa pale, Alhamisi, saa kumi na mbili. Mbele yake kulikuwa na tiki sita, moja kwa kila wiki, za wino wa bluu, zimenyooka.

"Baba, hizi tiki sita za Mzee Tumainieli. Nani alifungua maji?"

"Hakuna."

"Lakini umeweka tiki."

"Ulitaka nimwandikie nini? Hakufika?"

Baba yake alifunga kalamu.

"Kwenye ndiva hii, mtu akifa zamu yake haiguswi mpaka ukoo ukae baada ya arobaini na kusema ni ya nani. Hilo unalijua."

"Nalijua kwa ujumla. Sikulifikiria."

"Na asiyefika kwenye zamu yake anaandikwa 'hakufika', na akiandikwa hivyo anatumikia siku ya ziada ya msaragambo. Sasa niambie. Nimwandikie marehemu hakufika, halafu Jumamosi nimwite mjane wake aje kuzoa tope la ndiva?"

"Hapana."

"Ehe. Nikaweka tiki. Katibu aliyenitangulia alikuwa anaweka tiki, na aliyemtangulia yeye pia."

Raheli alikaa kwenye ngazi akachora mistari miwili kwenye daftari lake. Baada ya dakika chache picha yote ilikuwa mbele yake, na haikuwa na utata wowote. Kwa wiki sita hakuna aliyefungua ndiva kuanzia saa kumi na mbili. Saa tatu ilipofika zamu ya Bibi Ruthi, ndiva ilikuwa bado imejaa ukingoni, badala ya kuwa imeshuka kwa saa tatu za zamu ya kwanza. Maji yaliyojaa hutoka kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu ya sekunde ishirini na moja. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa kingine: kama Mzee Tumainieli hakumwagilia, basi mfereji haukuwa umelowa Bibi Ruthi alipoanza. Yaani katika Alhamisi zote sita alizopima, wazo lake halikupata nafasi ya kufanya kazi hata mara moja. Lilianza kufanya kazi Prosper alipopewa zamu, na faida yake ilikuwa karibu sita kwa mia.

Yeye alikuwa chini mkiani, ameinamia ndoo. Kilichokuwa kikitendeka juu alikisoma kwenye daftari. Na daftari halikuwa na kosa. Lilitunzwa ili ijulikane nani aitwe kwenye msaragambo, na kwa kazi hiyo lilikuwa sahihi. Aliyekosea ni aliyelisoma kana kwamba ni kipimo cha maji.

"Kwa hiyo theluthi haipo," alisema.

"Theluthi ya wapi?"

"Ya kwenye fomu."

Eliufoo alikuwa na haki ya kufurahi, na Raheli aliona jinsi alivyojizuia. "Basi kanuni yako inasemaje?"

"Inasema Dar."

"Kanuni nzuri hiyo," alisema baba yake, akafungua kalamu tena.

*

Jumamosi, baada ya tope kuzolewa, wanachama walikaa ukingoni mwa ndiva tupu, miguu imepakaa udongo hadi magotini, na Raheli akaomba dakika kumi. Hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Angeweza kupanda basi la Dar na kuwaacha na theluthi yao. Lakini watu hawa walikuwa wamebeba mawe kwa sababu ya hesabu yake, na hesabu ilikuwa imebadilika.

Alieleza yote bila kupamba. Mwenyekiti, Mzee Sefania, alisikiliza huku akisafisha jembe lake kwa kijiti.

"Kwa hiyo mawe yale tuliyabeba bure."

"Si bure, mzee. Faida ni sita kwa mia."

"Sita kwa mia siijui. Niambie kwa ndoo."

"Mahali Bibi Ruthi alipokuwa akipata ndoo kumi na nane, sasa anapata kumi na tisa."

"Ndoo moja!" alisema mtu nyuma. "Bega langu limeuma wiki mbili kwa ndoo moja!"

"Ndoo ni yangu, bega ni lako," alijibu Bibi Ruthi. "Mimi sijalalamika."

Prosper, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa amekaa kando na kofia mkononi. "Kumbe aliyeongeza maji ni baba," alisema polepole.

"Marehemu baba yako," alisema Mzee Sefania, "katika uhai wake hakuwahi kumpa mtu maji hata ya kunawa."

"Ndiyo maana nashangaa."

Walicheka wote, na Prosper zaidi ya wote, kisha wakanyamaza kwa adabu. Ndipo Raheli akasema alichokuwa amekuja kukisema. Daftari lingehitaji alama ya tatu. Tiki kwa aliyefungua maji, msalaba kwa asiyefika bila sababu, na duara kwa zamu iliyolala kwa ajili ya msiba, bila adhabu yoyote. Bila hivyo hakuna mtu atakayejua maji ya ndiva yanakwenda wapi.

Hoja hiyo ilizua mjadala mrefu kuliko theluthi. Mmoja aliuliza msiba utahesabiwa kuanzia undugu wa wapi, maana kuna watu ambao shemeji za wajomba zao watakufa kila wiki. Mwingine alitaka kujua kama mgonjwa mahututi anapata nusu duara. Mzee Sefania aliwaacha wachoke, kisha akasema duara litawekwa kwa mwenye zamu tu, akifa yeye mwenyewe, na hakuna mtu atakayekufa ili akwepe msaragambo. Wakakubali.

"Lakini nani atakaa na ndoo huko mkiani?" aliuliza Mzee Sefania. "Katibu ataweka maduara yake, sawa. Atakayepima maji mwaka ujao, Juni mpaka Oktoba, nani? Wewe, si Jumatatu hii inayokuja, ile inayofuata, uko Dar."

Raheli alitoa daftari lake. Hakuwa na huzuni. Alikuwa anapiga hesabu.

*

Alimweleza baba yake siku ya Jumapili, wakitembea kutoka kanisani.

"Kanuni yangu ilikuwa na kasoro," alisema.

"Juzi ilikuwa nzuri."

"Ilipima upande mmoja. Iliuliza nina uwezekano gani wa kuchukuliwa Marekani. Haikuuliza mwaka mmoja wa kusubiri unanigharimu nini. Nilidhani mwaka huo ningekaa bure hapa nyumbani nikiangalia simu. Kwa nne kwa mia, hiyo ni gharama kubwa mno. Sasa kuna kazi ya kufanya, na haiwezi kufanywa na mtu aliyeko Dar. Nahitaji kiangazi kizima chenye daftari la kweli. Gharama ya kusubiri imeshuka, baba. Nne kwa mia ni ile ile, ila ninachokiweka rehani ni kidogo kuliko nilivyodhani."

"Dar mwakani wasipokuchukua?"

"Inawezekana. Alama zangu hazitabadilika, lakini waombaji watabadilika. Mwaka huu waliochukuliwa kwenye kozi yangu nimewazidi wengi. Naona uwezekano ni mkubwa, lakini si hakika."

"Kwa hiyo unabahatisha."

"Ndiyo. Lakini sasa najua nabahatisha kwa kitu gani."

Walitembea. Chini kabisa tambarare ya Maore ilikuwa imefunikwa na ukungu wa joto, na sauti ya pikipiki ilipanda kutoka huko muda mrefu kabla pikipiki yenyewe haijaonekana.

"Na theluthi ikiwa imekufa," alisema Eliufoo, "utawaambia nini hao watu? Kwamba ulikosea?"

"Kwamba nilipima ishirini na nane, nikapima ishirini na moja, nikapima ishirini na sita na nusu. Na kwa nini."

"Watakucheka."

"Inawezekana hivyo pia. Wewe unaonaje, baba? Mtu aliyekuja na theluthi, na mtu aliyekuja na sita na sababu ya theluthi kupotea. Ungemchukua nani awe katibu?"

"Mimi?" Eliufoo alifikiri kwa dhati, kwa kuwa aliulizwa swali la kazi yake. "Ningemchukua wa pili. Lakini nisingemwambia mtu nilimchukua kwa sababu gani."

Hakusema kwamba amekubali. Jioni hiyo, kabla taa hazijawashwa, Raheli alimwona amekaa barazani na rula, akichora safu mpya kwenye kaunta buku, na akajua kwamba hatazuiwa.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Mzee Sefania kuomba barua.

"Ya kuthibitisha ukazi?"

"Ya kuthibitisha kwamba jedwali halikuongeza maji kwa theluthi."

Mzee Sefania alivua miwani. "Nina miaka kumi na mmoja na muhuri huu. Nimewagongea watu barua za mkopo, za dhamana, za kuchukua maiti hospitali, za kuoa. Sijawahi kumgongea mtu barua kwamba amekosea."

"Mwalimu wangu ameandika kwamba nilipata. Barua yake ni nzuri. Nikiwa na maneno yangu tu, atanibishia."

"Na huko mbele itakusaidia?"

"Sijui, mzee."

"Unaomba kitu ambacho hujui kama kitakusaidia." Alivaa miwani tena, akavuta karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: YAH: UTHIBITISHO WA KUTOONGEZEKA KWA MAJI KAMA ILIVYODHANIWA. Aliisoma kwa sauti, akaonekana kuridhika nayo, akaendelea.

*

Mwalimu Fredrick aliisoma barua hiyo mara mbili, akiwa amesimama, katika ofisi ya walimu huko Same. Dirishani vumbi la barabara kuu lilikuwa limekaa kwenye vioo kama poda.

"Nani amekutuma ukaombe hii?"

"Hakuna, mwalimu."

"Raheli. Kaa. Nisikilize vizuri. Barua yangu ina theluthi. Insha yako ina theluthi. Hakuna mtu atakayepanda mlima wenu kutoka Marekani na ndoo."

"Najua."

"Sita kwa mia haina mvuto. Sita kwa mia ni mtu aliyesafisha mfereji. Nikiandika sita nakufungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ikibaki theluthi sitatuma fomu, mwalimu. Na nimeshaamua kubaki nyumbani kupima, kwa hiyo nitakuwa nimepoteza Dar na nisiombe kokote. Itakuwa hasara tupu."

"Unanitisha?"

"Nakueleza tu ilivyo."

Mwalimu alitupa barua mezani na kwenda dirishani. Alikuwa mtu wa hasira fupi. Darasani wanafunzi walikuwa wakihesabu kimoyomoyo hadi ishirini, hasira ikaisha, somo likaendelea. Raheli alipofika kama kumi na nne, mwalimu aligeuka.

"Lakini kwa nini ishirini na moja?"

"Mwalimu?"

"Mfereji ulikuwa mkavu, barua inasema. Mfereji mkavu unakula maji. Kwa hiyo maji ya kujaa ndiva yalilipia ukavu wa mfereji na bado yakabaki theluthi ya ziada. Kina cha ndiva ni kiasi gani?"

"Mita moja na robo ikijaa. Baada ya zamu ya kwanza hubaki sentimita sitini hivi."

"Tundu la kutokea liko chini kabisa?"

"Chini kabisa."

Alikuwa amekwisha kukaa. Alichukua karatasi ya mtihani wa zamani, akaigeuza, akachora ndiva kwa mistari mitatu. Alipiga hesabu akinong'ona, akakata, akapiga tena. Raheli alisogeza kiti. Kengele ya kipindi ililia na mwalimu mwingine akachungulia mlangoni kusema Kidato cha Tano wanamsubiri. Mwalimu Fredrick aliinua kidole kimoja bila kumtazama.

"Ona. Kwa nguvu ya maji peke yake ungepata zaidi ya theluthi. Zaidi kidogo ya nne kwa kumi. Sehemu iliyopungua ndiyo iliyoliwa na mfereji mkavu. Unaweza kuikadiria hiyo kutoka hapa, bila kuipima."

"Nilitaka kuipima mwakani."

"Pima. Lakini ikadirie sasa, uandike, halafu mwakani uone kama ulikadiria sawa." Aliitazama karatasi, akatikisa kichwa. "Hii ni nzuri kuliko theluthi, mjinga wewe. Si rahisi kuisimulia, lakini ni nzuri kuliko theluthi."

"Wataielewa?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nimesoma Same na Mwanza." Alivuta kompyuta ya shule karibu yake. "Nenda ukaandike ya kwako. Ya kwangu naituma saa kumi."

*

Steshenari iliyokuwa na intaneti ya uhakika ilikuwa karibu na stendi, na mwenye duka, Salha, alikuwa akitoa kopi za vitambulisho huku akiongea na simu iliyobanwa begani. Raheli alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya pembeni tangu saa tano. Alifuta aya tatu za mwanzo za insha na kuandika nyingine. Alitaja siku arobaini, tiki sita, ndoo. Alieleza kile alichokikadiria na siku atakayokipima. Alipofika swali la ishirini na saba, lililouliza kama kuna jambo lolote la ziada ambalo mwombaji angependa lijulikane, aliomba barua ya kamati iskaniwe.

Salha alikata simu na kuiweka barua kwenye mashine. Aliisoma ikipita.

"Dada, hii barua inasema umekosea."

"Ndiyo."

"Na unaipeleka chuoni."

"Ndiyo."

"Haya." Alitoa kicheko cha puani. "Watu huwa wanakuja hapa niwafutie makosa, wewe unanilipa niyaskani. Imeshaingia, angalia."

Raheli aliifungua kwenye kioo na kuikuza. Maneno yalisomeka. Sahihi ilisomeka. Muhuri ulikuwa duara la zambarau lenye doa katikati.

"Tarehe ya muhuri haionekani."

"Dada yangu, huko kwao nani atasoma tarehe ya muhuri wa ndiva?"

"Simjui atakayeisoma. Rudia, tafadhali."

Salha aliirudia, mara hii akiwa amekandamiza kifuniko kwa viganja vyote viwili. Tarehe ilionekana. Simu ya Raheli ilitetemeka mezani: Mwalimu Fredrick, maneno mawili, *Imekwenda. Sita.* Siku sita zilikuwa zimebaki kabla ya Jumatatu ya kuripoti Dar, na siku moja baada ya nyingine zingepita bila yeye kupanda basi; alijua hilo, na alilipitia tena kichwani kutoka mwanzo hadi mwisho kutafuta mahali alipokosea. Hakupaona. Haikumaanisha kwamba hapapo.

Akabonyeza kitufe cha kutuma.

"Tayari?" aliuliza Salha.

"Tayari."

"Na wakikataa?"

"Tisini na sita kati ya mia wanakataliwa," alisema Raheli, akichukua barua yake na kuikunja kwa kufuata mikunjo ya zamani. "Majibu ni katikati ya Desemba. Basi la Maore linaondoka saa ngapi?"